Alisema Ako na Ball, Nikaandika Mpira

Jumanne jioni, Kawangware 46, Nairobi.

Baridi ya mwezi wa saba imekaa juu ya mabati tangu asubuhi na haina nia ya kuondoka. Nguo nilizofua Ijumaa bado mbichi. Mimi nimekasirika tangu Jumamosi, na leo hasira imefika mahali ambapo chai imepoa mbele yangu sijainywa. Naandika ili nisiende kumgongea mtu mlango na kusema maneno nitakayojutia.

Kwa anayeingia kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja Nairobi mwezi wa nne, peke yangu, kufanya kazi ya mapokezi kwenye zahanati ya mtu binafsi hapa Kawangware. Mgonjwa akiingia namwandikia kadi: jina, umri, simu, anapokaa, anaumwa nini. Kadi inakwenda kwa daktari, ambaye ndiye mwenye zahanati, na mgonjwa anaifuata. Ni kazi ya kusikiliza na kuandika, basi. Daktari aliniambia siku ya kwanza kwamba amenichukua kwa sababu Kiswahili changu ni kizuri. Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Nilidhani nimekuja na lugha mkononi. Wiki ya kwanza nikagundua kwamba nusu ya ninachoambiwa sikielewi. Nikanunua daftari dogo. Kila Jumapili nachagua mtaa nisioujua, naenda kwa miguu, nasikiliza watu, nikirudi naandika. Keja ni nyumba. Mathe ni mama. Ndai ni gari. Lakini acha niseme ukweli wote. Sikuwa najifunza kama mwanafunzi. Nilikuwa naokota maneno kama mtu anayeokota vioja vya kwenda kusimulia nyumbani. Mtu akisema "kiatu yangu" namsahihisha, tena kwa tabasamu. Nilijiona nawafanyia hisani.

Sasa Alhamisi.

Aliingia msichana wa miaka kumi na tisa. Nitamwita Akinyi. Si jina lake, na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Aliniambia anasuka nywele kwenye saluni moja karibu na kituo cha Kawangware 56. Benchi lilikuwa limejaa watu, kwa hiyo aliinama mpaka kichwa chake kikakaribia changu, akasema kwa sauti ya chini, "Niko na ball. Na inaniuma huku." Akashika tumbo chini, upande wa kulia.

Nikamwambia, "Sema nina. Si niko na."

Nilimwambia hivyo. Mtu ameshika tumbo, mimi namfundisha sarufi.

Akaniangalia kidogo, akasema sawa, nina ball. Nikamuuliza tangu lini. "Miezi mbili." Nikaandika "miezi miwili", nikaona nimemsahihisha tena. Nikamuuliza anakaa wapi, akasema Kisumu Ndogo. Neno "ndogo" sikuona linafanya nini pale, nikaliacha, nikadhani ananitajia kwao. Kadi yake ilisomeka hivi: anakaa Kisumu, alipigwa na mpira tumboni miezi miwili iliyopita, maumivu upande wa kulia.

Akaingia kwa daktari na kutoka kabla sijamaliza kadi ya mgonjwa aliyemfuata. Mkononi alikuwa na vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua.

Dawa ya kuchua. Kwa tumbo.

Jumamosi mchana nilikwenda kula kwa Mama Njeri, jirani yangu anayeuza chapati mbele ya ploti tunayokaa. Alikuwa anasimulia habari za mpangaji mmoja wa nyuma. "Ako na ball na hata huyo kijana hajakuja kwao kujionyesha," akasema. Nikamuuliza ball gani. Alicheka mpaka akaweka chini kile kijiti cha kusukumia.

"Ball ni mimba, mrembo. Ulidhani ni ya kupiga teke?"

Sikucheka. Nilisomea uuguzi msaidizi mwaka mmoja kabla ada haijanishinda, na kuna vitu havikunitoka kichwani. Msichana mwenye mimba ya miezi miwili, maumivu makali upande mmoja: huyo hapewi dawa ya kuchua. Huyo anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu mimba inaweza kuwa imeshika kwenye mrija, na mrija ukipasuka anavuja damu ndani kwa ndani mpaka afe.

Niliacha chapati na kukimbia zahanati. Daktari alikuwa anavaa koti aondoke. Nikamweleza. Akatoa kadi, akaisoma, akanionyesha kwa kidole.

"Umeandika Kisumu. Huyo alikuwa anapita tu, saa hii ako kwao. Akizidiwa ataenda hospitali ya huko."

"Daktari, wewe ulimuuliza nini?"

"Nimuulize nini? Umeandika mpira."

Simu ya Akinyi ilikuwa haipatikani. Daktari akafunga mlango wa chumba chake, akanitakia wikendi njema.

Mtu huyu amezaliwa Nairobi. Neno "ball" analitumia mwenyewe, nimemsikia akilitamka kwenye simu akiongea na rafiki zake, na wakati huo sikujua anachekea nini. Angemuuliza Akinyi swali moja tu, moja, angejibiwa kwa lugha anayoijua vizuri kuliko mimi nitakavyoijua maisha yangu yote. Hakuuliza. Alisoma mwandiko wangu na kutoa dawa. Masikio alikuwa nayo, hakuona haja ya kuyatumia.

Lakini mwandiko ni wangu. Kila nikimkasirikia naishia kwenye mwandiko wangu.

Mama Njeri ndiye aliyenifungua macho mara ya pili siku hiyo. Nilipomwambia mgonjwa ameenda Kisumu na kwamba alisema Kisumu Ndogo, alinitazama kama anayemtazama mtoto. "Kisumu Ndogo ni Kibera. Unaweza fika na miguu." Nikaenda 56 kutafuta saluni. Pale saluni zimepangana kama meno, nilizunguka mpaka jua likakaribia kuzama ndipo nikapata anakofanya kazi. Mwenzake akasema hajaonekana tangu Alhamisi, na kwamba mama yake anauza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na kanisa moja. "Lakini mathe yake ni mkali," akaongeza. Sikuyatilia maanani maneno hayo.

Ningekwenda Kibera jioni ile ile. Niliogopa giza, niliogopa kupotea mahali nisipopajua. Nilirudi nyumbani nikajifunika blanketi. Naliandika hili hapa ili lisomeke pamoja na mengine yote ninayomlaumu mtu mwingine.

Jumapili nilitoka mapema. Niliteremka Naivasha Road hadi Ngong Road, nikavuka, nikawa nauliza njia kila baada ya hatua mia. Nilikuwa sijawahi kukanyaga upande ule. Pale Makina nilimpita bibi mmoja wa Kinubi amekaa mlangoni na mtandio wake, nikamwamkia shikamoo kwa mazoea tu, akaitikia marahaba, akaniuliza mwanangu unakwenda wapi. Karibu nilie. Miezi minne hakuna aliyeniitikia hivyo. Nilipomtajia Kisumu Ndogo na omena, akanionyesha njia, akaniambia nishike bonde na nifuate harufu ya samaki.

Kisumu Ndogo kulikuwa na makelele ya Jumapili: ngoma za makanisa, muziki wa baa zilizoamka mapema, watu wamevaa vizuri wanaruka mitaro. Na hapo Kiswahili changu kikanigeuka.

Nilimwendea kijana wa kutengeneza simu. "Samahani kaka, naomba unielekeze. Namtafuta binti mmoja aitwaye Akinyi." Akasema hajui mtu. Nikamwendea mama wa mboga. Akaniuliza, mimi ni wa shirika gani. Nikasema si wa shirika. Akasema hapa Akinyi ni kila mlango, na akaendelea kukata sukuma wiki zake. Mtu mwingine nyuma yangu akasema, "Huyu anaongea kama habari ya saa moja." Wakacheka. Mwingine akasema labda nimetumwa na chifu. Hapo wakaacha kucheka, na nyuso zikafungwa.

Nilizunguka hivyo zaidi ya saa nzima. Kila nilipozidisha adabu, ndivyo walivyozidi kunikwepa. Naomba radhi, tafadhali, kama hutojali. Kwetu maneno hayo yanafungua mlango. Pale yalisikika kama ya mtu anayetafuta wa kumkamata. Nilianza kuwachukia wote. Nilichukia vicheko vyao, nilichukia matope, nilichukia jinsi kila mmoja alivyonielewa neno kwa neno na bado akanijibu kama sijasema kitu.

Kando ya kanisa moja la watu wa kanzu nyeupe nikamkuta mama anauza omena, wa nne kumkuta kando ya kanisa asubuhi hiyo. Mwanamke mnene kidogo, kitambaa cha bluu kichwani, anapima kwa mkebe. Nikamuuliza. "Akinyi mgani?" akasema bila kuinua uso. Watu watatu wakawa wamesogea kusikiliza.

Nikatupa adabu yangu yote chini. Nilisema kwa sauti ambayo hata wa kanisani waliisikia:

"Namtafuta Akinyi wa kusuka nywele Kawangware. Ako na ball, anaumwa, na asipopelekwa hospitali leo atakufa."

Hapakuwa na aliyeniuliza nimesema nini. Kwa mara ya kwanza tangu nifike mji huu nilieleweka na kila mtu aliyekuwa karibu.

Mkebe wa yule mama ulibaki hewani. "Ako na nini?"

Nilijua kabla hajamaliza. Ule mkunjo wa paji la uso niliuona Alhamisi, kwa msichana aliyeinama ili benchi lisisikie.

"Huyo ni msichana wangu," akasema.

Hakunipiga. Nilitegemea anipige. Alisimama, akaacha omena hapo hapo kwenye turubai, akaingia kichochoro, nami nikamfuata. Chumba kilikuwa hatua thelathini tu. Akinyi alikuwa amelala kitandani uso wa rangi ya majivu, anatoka jasho katika baridi ile. Alikuwa amemwambia mama yake ni chakula kilichomvuruga tumbo. Nikamuuliza kama bega linamuuma. Akatikisa kichwa kukubali. Hiyo ni dalili ya damu inayovuja ndani, niliyoisoma na kuomba nisiione.

Mama yake alisema naye Kijaluo, maneno mengi, ya haraka. Sikuelewa hata moja. Akinyi hakumwangalia mama. Aliniangalia mimi.

Nikatoka nje nikapiga kelele. Sijui nilitumia lugha gani. Wale wanaume wa kanzu nyeupe waliacha ibada, wanne wakaingia, wakamfunga kwenye blanketi na kumbeba begani hadi barabarani, kanzu zao zikiburuza kwenye matope. Yule mama wa mboga aliyenikatalia ndiye aliyesimamisha gari. Yule kijana wa simu alikimbia mbele akisafisha njia. Hawa hawa niliokuwa nawachukia dakika kumi kabla.

Hospitali kubwa walimwingiza chumba cha upasuaji bila kuchelewa. Mrija ulikuwa umepasuka. Daktari mwanamke aliyetoka kutuambia alisema tungesubiri mpaka jioni tungekuwa tunaongea mengine. Yuko hai. Mtu anayesoma haraka naomba aone hili kwanza: yuko hai.

Mama Akinyi alinikumbatia pale kwenye korido, mbele ya wauguzi na wagonjwa. Alikuwa ananuka omena na jasho na alilia mpaka bega langu likalowa. Aliniita "nyathina". Nikamuuliza muuguzi maana yake. Mwanangu.

Jana, Jumatatu, nilikwenda saa ya kuona wagonjwa. Mama alikuwa ametoka kutafuta uji. Akinyi alikuwa amekaa nusu, mkono una sindano ya maji. Nikamsalimia kwa ile "sasa" yao, akasema "poa" kama mtu anayelipa deni. Nikamwambia nimefurahi kumwona.

"Nilikuja kwa hiyo clinic yenu ju sikutaka mtu ajue," akasema. "Nikapita clinic zote za huku. Nikakuambia wewe peke yako. Sasa mtaa yote inajua."

Nikasema samahani. Nikasema nilikuwa naogopa atakufa.

"Najua. Mathe amesema wewe ndio umeniokoa." Akavuta shuka. "Alhamisi nilikuambia kila kitu. Ulikuwa unacheka."

Sikuwa nacheka. Nilikuwa natabasamu. Nilitaka kumweleza tofauti, mdomo ukawa wazi kabisa, na nikajikuta kwa mara nyingine nataka kumsahihisha. Nikaufunga. Nikakaa pale kwenye kiti mpaka mama yake akarudi na chupa ya uji, akanimiminia mimi kwanza.

Halafu leo.

Nilifika kazini saa mbili kasoro. Daktari alikuwa amenitangulia, jambo ambalo si kawaida yake. Habari ilikuwa imemfikia, Kawangware na Kibera zinapeana umbea kama majirani wa ukuta mmoja. Akaniita ndani, akafunga mlango, akaniita dada. Mezani kulikuwa na kadi mpya ya Akinyi, jina lile lile, siku ile ile ya Alhamisi. Ilikuwa imeandikwa na yeye. Ilisema mgonjwa alishauriwa apimwe mimba na apelekwe hospitali, mgonjwa akakataa. Chini palikuwa na nafasi ya jina langu.

"Weka sahihi hapo. Hii inakulinda wewe," akasema. "Wewe ndio uliandika mambo ya mpira."

Nikamuuliza kadi yangu iko wapi.

"Kadi gani?"

Nilimwangalia. Nilisubiri uso wake uonyeshe aibu, hata kidogo, hata ya kuigiza. Hapakuwa na kitu. Anataka Akinyi awe ndiye aliyekataa. Msichana aliyeacha zahanati zote za kwao na kuja mpaka huku, akainama akanong'ona, akatoka na dawa ya kuchua, ndiye aandikwe mkaidi, na jina langu liwe chini yake kama shahidi.

Nikasema sisaini.

Akaniambia basi nisirudi kesho, atatafuta mtu anayejua lugha ya watu wa hapa. Alilisema hilo na tabasamu. Nilitaka kuipindua ile meza. Badala yake nilichukua mwavuli wangu na sweta, nikapita katikati ya wagonjwa waliokuwa benchi wakisubiri mtu wa kuwaandikia, na sikuwaambia kitu. Hilo nalo linaniuma. Ningewaambia waingie wenyewe na waseme wenyewe, wamlazimishe awasikilize.

Tangu mchana niko hapa chumbani. Nimeandika kwenye karatasi safi kila neno lililokuwa kwenye kadi ya kwanza, pamoja na mpira, pamoja na Kisumu isiyo na ndogo. Nimeeleza kadi ya pili nayo. Nimeweka jina langu kamili na sahihi. Keshokutwa naipeleka ofisi ya kaunti inayosimamia zahanati. Sijui kama wataisoma. Mama Njeri anasema nitaambiwa nije kesho mpaka nichoke, na mimi nimemwambia sina kazi, nina muda wa kuchoka.

Lakini kabla ya ofisi kuna mtu mwingine, na huyo ndiye ananinyima raha kuliko daktari. Mama Akinyi anaamini mimi ni mgeni mwenye roho nzuri aliyetokea Jumapili kumwokoa mtoto wake. Hajui kwamba Alhamisi nilikuwa nimekaa nyuma ya meza na kalamu. Akinyi hajamwambia. Sijui kama ananihifadhi au anasubiri nijiseme mwenyewe. Uji niliokunywa jana niliunywa kama mwizi.

Kesho mchana nitakuwa wodini. Nimejaribu kupanga nitakavyoanza, nimeandika na kufuta mara tano, na kila mara naona sentensi ya kwanza inaanza na neno "daktari". Daktari hakuuliza. Daktari alibadilisha kadi. Yote ni kweli, na yote nitayasema, na nitayasema kwa hasira kwa sababu anastahili.

Ila kesho hayatakuwa ya kwanza. Sentensi ya kwanza itaanza na "mimi".